Dohani za Nyumba za Kale, Nakuru na Molo

Msafiri apandaye kutoka Nakuru kwenda Njoro, kisha Molo, huona hewa ikibadilika kabla hajafika mbali. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Molo yakaribia mita 2,500, na mara nyingine alfajiri umande huganda majanini. Ndiyo sababu nyumba nyingi za mawe zilizojengwa na walowezi, baada ya reli kufika Nakuru mwaka 1900, zina dohani. Iliyo mashuhuri ni jumba la Lord Egerton karibu na Njoro, lililoanza kujengwa mwaka 1938 na kumalizika mwaka 1954. Lakini zilizo nyingi ni nyumba za kawaida za mashambani, na kadha wa kadha kati ya hizo ziliingia mikononi mwa jamaa za Kiafrika wakati wa mipango ya makazi ya miaka ya 1960.

Kwa nje dohani hizo ni imara. Jiwe la kijivu la volkano limestahimili mvua nyingi. Ubovu uko ndani. Desturi ya waashi wa Uingereza ilikuwa kupaka ndani ya dohani lipu ya chokaa iliyochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, jambo ambalo mama wa Kimaasai aliyekandika nyumba yake mwenyewe asingelishangaa hata kidogo. Lipu hiyo ni njema, ila haidumu milele. Moshi wa kuni mbichi una maji na tindikali. Ukipoa njiani huacha lami nyeusi, nayo hula chokaa. Mwisho viungo vya mawe hufunguka, na moshi hupata njia ya kuingia katika chumba wanamolala watoto. Pamoja nao huja kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, imwuayo mtu usingizini. Tena lami yenyewe ikishika moto, ndimi zake hupenya nyufa na kufikia boriti za paa.

Basi dohani ya kale yataka kupimwa kwanza. Hufagiliwa masizi yote. Kisha huwashwa moto mdogo wa majani yenye moshi mwingi, mdomo wa juu hufunikwa kwa ubao, na madirisha huachwa wazi. Watu hupita vyumbani na darini wakitazama. Panapotokea moshi ndipo penye ufa.

Ikiwa nyufa ni nyingi, kuziba moja moja ni kupoteza saruji. Dawa ni kuingiza bomba jipya ndani ya dohani: la udongo wa kuchomwa, au la chuma kisichoshika kutu ikiwa dohani ina kona. Mafundi wengine hutia bati la kawaida kwa kuwa ni rahisi. Hilo huliwa na tindikali upesi. Vipande vya udongo huungwa midomo mipana ikielekea juu, ili lami iteremkayo ibaki ndani ya bomba isivujie ukutani. Upana nao una kipimo chake: eneo la bomba lisipungue sehemu ya nane ya mdomo wa meko. Meko ya sentimeta 60 kwa 60 yahitaji bomba la sentimeta 24, na huko Molo, ambako hewa ni nyepesi na mvuto wake hafifu, yafaa kuzidisha kidogo.

Nafasi kati ya bomba na mawe hujazwa kitu kizuiacho joto lisipotee, kwa maana moshi ukiwa moto hupanda upesi wala hauachi lami nyingi. Bonde la Ufa lenyewe lina mali hiyo. Kando ya Longonot yako mawe mepesi ya volkano yaeleayo majini. Na Kariandusi, karibu na Gilgil, umechimbwa tangu miaka ya 1940 udongo mweupe uliofanyika kwa magamba ya mwani mdogo mno wa ziwa la kale.

Kazi ikiisha, mioto ya kwanza huwa midogo, siku kadhaa, unyevu utoke polepole. Kuni nazo zikaushwe chini ya paa miezi mingi. Na wakati fundi angali juu ya paa, jiko la makaa lisiingizwe chumbani.