Alama Kumi na Tisa za Ngong

Jumamosi, 11 Januari 2025

Tumefika langoni saa kumi na mbili na robo, giza bado halijaisha. Tumelipa kiingilio, tukapewa askari wa msitu atusindikize, tukaanza kupanda. Upepo wa Ngong haubishi hodi. Umetupokea kwenye kona ya kwanza na haukutuacha mpaka tulipoteremka.

Tuko watatu: mimi, rafiki yangu mpima ardhi mstaafu, na binti aliyemaliza chuo mwaka jana ambaye anazijua ramani za kompyuta kutuzidi sisi wawili. Kikundi chetu cha wakazi kimetutuma tuandike thamani ya mandhari ya vilima hivi, ili siku mtu akija na mradi tuwe na karatasi mkononi. Ardhi hii ni msitu wa serikali, na Katiba katika kifungu cha 62 inaihesabu kuwa ardhi ya umma. Kwa hiyo hata kinachoonekana ukiwa umesimama juu yake ni mali yetu sote. Hivyo ndivyo ninavyoamini.

Kabla ya saa moja Kilimanjaro imejitokeza kusini, nyeupe juu, chini haina miguu. Imekaa kama dakika kumi, kisha ukungu wa vumbi ukaimeza. Magharibi Bonde la Ufa lilikuwa bado na rangi ya buluu, na mashariki taa za Nairobi zilikuwa zinazimika moja moja. Binti akaniuliza, "Mzee, hii tutaipa ngapi?" Nikamwambia leo tutazame tu.

Jumapili, 12 Januari

Jioni nimeusoma tena mwongozo wa Wamarekani. Idara yao ya Bureau of Land Management inasimamia karibu hekta milioni 99 za ardhi ya umma, eneo linaloizidi Kenya nzima, na sheria yao ya mwaka 1976 inaitaja mandhari miongoni mwa vitu vya kulindwa. Ilibidi watafute njia ya kuipima. Wakachagua mambo saba: sura ya nchi, mimea, maji, rangi, mandhari ya jirani, uhaba wa mahali pa aina hiyo, na kazi za mikono ya watu. Mengi hupewa alama mpaka 5. La mwisho peke yake linaweza kushusha, hadi kutoa alama 4. Ukipata 19 au zaidi, mahali ni daraja A. Kuanzia 12 mpaka 18 ni B. Chini ya hapo ni C.

Wapo watakaosema uzuri hauhesabiki kama magunia ya mahindi. Nawaelewa. Lakini nimekaa katika mikutano mingi ya wananchi, na nimeona yanayotokea. Anayesimama na kusema "hapa ni pazuri" hupigiwa makofi, kisha kikao kinaendelea. Anayekuja na fomu iliyojazwa huulizwa maswali, na maswali huingia kwenye kumbukumbu za mkutano.

Hata sheria yetu inaligusa jambo hili. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003 zinaitaja mandhari miongoni mwa mambo ya kuangaliwa na mtathmini: ni wapi macho yatafunguliwa njia, ni wapi yatazibiwa, na kama kitu kipya kinapatana na mazingira yake. Sheria tunayo tangu zamani. Tunachokosa ni mazoea ya kuitekeleza.

Jumanne, 14 Januari

Nimeazimwa ripoti ya mradi mmoja wa miaka ya nyuma, sitaliandika jina lake. Kurasa nyingi mno kuhusu vumbi, kelele na maji taka. Mandhari imepewa aya moja: athari ni ndogo. Ushahidi ni picha mbili zilizopigwa mchana wa jua kali, wakati utusitusi wa joto umefuta kila kitu kilicho mbali. Ukipiga picha saa hiyo, hata Mlima Longonot haupo duniani.

Katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, reli iliyofunguliwa mwaka 2019 inapita juu ya nguzo kwa takriban kilomita 6. Nguzo ziliinuliwa ili wanyama wapite chini, na wanapita. Najiuliza ni nani alilipimia jicho la binadamu njia yake.

Jumamosi, 18 Januari

Siku ya alama. Tumekaa kwenye nyasi zilizokauka, kila mtu na fomu yake, bila kuchunguliana. Ndivyo nilivyotaka.

Sura ya nchi: 5, wote watatu. Mgongo huu unapanda na kushuka kama vifundo vya ngumi, na kilele cha Lamwia kinafika mita 2,460. Mimea 3. Maji 0. Rangi 3, na binti amesema tukija baada ya mvua za masika itakuwa 4. Mandhari ya jirani 5: upande mmoja bonde, upande wa pili jiji. Uhaba 5, kwani ni mji mkuu gani mwingine mtu anapanda matatu asubuhi na kufika ukingoni mwa Bonde la Ufa kabla chai haijapoa kwenye chupa?

Hapo tumefika 21. Ikabaki kazi za mikono ya watu, na hapo ndipo tulipogombana.

Mitambo miwili ya kwanza ya upepo ililetwa hapa mwaka 1993, msaada wa Ubelgiji. Leo kituo kina uwezo wa megawati 25.5. Minara ni mirefu, myeupe, imepangwa mgongoni kwenye upande wa kaskazini, na mapanga yake yanakata anga kwa sauti ya mtu anayepepeta mchele. Mpima ardhi alitoa sifuri: umeme safi, na minara ina maumbo yake ya kupendeza. Binti alitoa −3, akasema kivuli cha panga kilimpita usoni na akasahau alikuwa anatazama nini. Kwa −3 tunabaki na 18, daraja B.

Nimesema −2, na sikuitafuta namba ya kutufikisha tunapotaka. Niliuendea mnara mmoja nikaushika. Chuma kilikuwa kinatetemeka kidogo kiganjani, na chini yake nyasi zimeota mpaka kwenye zege. Mnara huu siku moja utafunguliwa bolti na kuondolewa, na kilima kitabaki kilima. Kinachoumiza zaidi ni mikato ya barabara, ule udongo mwekundu unaoonekana kutoka mbali sana, na mabati mapya chini ya mteremko yanayorusha jua machoni. Hayo hakuna aliyeomba kibali cha kuyafanya yaonekane. Tumebishana mpaka saa sita. Hatukumaliza.

Jumatano, 22 Januari

Nimepanda peke yangu na askari. Njiani tumemkuta mzee mchungaji na ng'ombe kama kumi na watano. Tumesalimiana, nikamuuliza kama minara inamkera.

"Hiyo haili majani," akasema. "Inayonisumbua ni seng'enge."

Kisha akanyoosha fimbo magharibi, kuelekea kilima cha Esakut. "Mimi nasimama hapa naangalia mvua ya kule. Ikinyesha, kesho kutwa nateremka. Wakijenga kitu hapa nisione kule, nitapiga simu kumuuliza nani?"

Fomu ina mahali pa kueleza ni watu gani wanaotazama mandhari na wanajali kiasi gani. Nilikuwa nimeandika: wapandaji, wapiga picha, familia za Jumapili. Nimeongeza juu yao wote: wafugaji, kila siku, kwa ajili ya malisho. Mtalii akizibiwa mandhari atatafuta kilima kingine. Mzee huyu atazibiwa taarifa ya mvua.

Jumamosi, 25 Januari

Nimenunua vipande vya rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Ngong: kijani, kahawia, kijivu. Tumevishika kwa mkono ulionyooshwa, tukafumba jicho moja. Kijani cha dukani kilipiga kelele juu ya mteremko. Kahawia iliyokoza, ambayo mkononi ilionekana chafu, ilizama na kupotea. Mwongozo unasema hivyo: chagua rangi iliyokoza kuliko ardhi yenyewe, kwa sababu vivuli vya majani na mawe huitia ardhi weusi ikitazamwa kwa mbali. Binti aligeuka akatazama mabati kule chini kwa muda mrefu. "Kumbe ni kopo la rangi tu," akasema. Akafuta −3 yake.

Mpima ardhi naye alikubali kushuka kutoka sifuri baada ya kuonyeshwa mikato ya barabara kupitia darubini yake mwenyewe.

Tumeandika pendekezo: upande wa kusini kuelekea Lamwia ubaki kama ulivyo, kazi yoyote mpya isivute jicho la mpita njia, mabati yaliyo ndani ya msitu yapakwe rangi iliyokoza, njia ya macho ya kwenda Esakut isizibwe. Picha zipigwe kila Januari, saa moja asubuhi, kutoka mawe yaleyale matatu tuliyoyatia alama kwenye ramani.

Sote tumekubaliana na −2, jumla ni 19. Daraja A. Tumetia sahihi wote watatu saa tano na nusu. Nakala moja nimempa mwenyekiti wa kikundi, nyingine naibandika nyuma ya daftari hili.