Mitole: Maji yakija, yanapita wapi?

Wiki hii hatuendi ufukweni kunywa soda baridi. Nakupeleka Mitole. Kwenye vipeperushi vya watalii haimo, usijisumbue. Ni kata ya Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, upande wa bara, wakati wageni wote wanakimbilia magofu ya Kilwa Kisiwani.

Nilipanda basi Mbagala alfajiri. Tukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, Somanga tukanyoosha miguu, Nangurukuru nikateremka na kudandia bodaboda. Kufika kwa mjomba, raba zangu nyeupe zilikuwa na rangi ya vumbi. Ubishoo ukaishia hapo.

Nilikuwa na langu moyoni. Dalali mmoja wa Dar alikuwa amenionyesha kiwanja cha bei poa, kipo bondeni. Nikataka baraka za mjomba na, si unajua tena, kihela kidogo cha korosho. Nikamwamkia, tukala, nikamwaga habari. Hakuuliza bei. Aliuliza: “Maji yakija, yanapita wapi?”

Nikacheka. “Mjomba, lile ni jiji, kuna mitaro!”

Yeye hakucheka. Akanipeleka kwenye mwembe mmoja, akaweka kiganja kifuani pake. “Mwaka 2020 yalifika hapa.”

Nikanywea. Mwishoni mwa Januari mwaka ule mafuriko yaliipiga Kilwa na sehemu nyingine za Lindi. Watu walikufa, maelfu wakabaki bila makazi. Baada ya hapo mjomba alihamisha nyumba akaipandisha mwinukoni. Shamba kaliacha kulekule bondeni, maana udongo wake ni mzuri. “Mahindi yakizama unapanda tena, mjomba,” akaniambia. “Mtoto je?”

Usiku sikupata usingizi, nikawa nalisahihisha jiji langu kama mwalimu wa zamu. Ukuta wa bahari pale Barabara ya Barack Obama, uliokamilika 2018, nikaupa tiki. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022, nikaupa tiki ya penseli mpaka tuone. Lakini karakana ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi 2016, iliwekwa palepale Jangwani ambapo kila mtoto wa mjini anajua maji hujaa! Na mitaro yetu tumeifanya majalala. Hapo nikachora mkasi.

Swali gumu ni la watu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande. Wapo waliorudi bondeni, na tukawaita wabishi. Ubishi gani? Mabwepande ni mbali na kibarua, nauli inakula mshahara. Kwa mjomba mwinuko ulikuwa wa ukoo. Mjini mwinuko unauzwa, na asiye nacho anabaki na bonde. Wataalamu wanasema dunia ikizidi joto, hewa inabeba unyevu mwingi zaidi, na mvua ikishuka inashuka kwa kishindo. Basi jiji linaweza kujenga ukuta mrefu namna gani, lakini kama muuza chipsi hawezi kupata chumba pakavu karibu na kazi yake, bado halijajiandaa.

Wala sisemi Mitole ni peponi. Kupanda mwinukoni kumemwongezea shangazi safari ya kuteka maji. Na Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani, barabara kuu ya kwenda Dar ilikatika maeneo ya Somanga. Abiria na mizigo vikakwama huku na huku. Mjomba anaweza kuhamisha nyumba yake, daraja hawezi. Hilo ni la serikali.

Asubuhi nikampigia dalali, nikamuuliza lile swali la mjomba. Akajibu haraka, tena kwa furaha: “Usiwe na wasi, bro! Hapo maji yanapita mara moja tu kwa mwaka!”

Mara moja tu, jamani. Kiwanja sijanunua, naendelea na chumba cha kupanga. Na wewe unayesoma hapo kijiweni, kabla hujatoa kishika uchumba cha kiwanja, nenda kwanza kawaulize majirani. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.