Karatasi Mbili za Ukurasa Mmoja

Katika miaka yote niliyofundisha, kwanza shule za msingi, kisha sekondari niliyokuwa mkuu wake, na mwisho chuo cha ualimu nilikostaafia mwaka 2009, sikuwahi kuitwa mwizi. Nimeitwa mkali, nimeitwa mchoyo wa ruhusa, na mwanachuo mmoja aliwahi kuandika kwa chaki nyuma ya mlango wa choo neno ambalo sitalirudia hapa. Lakini mwizi, hapana. Neno hilo lilinifikia mwaka 2010, nimekwisha staafu, nimekaa barazani kwangu nakunywa uji. Aliyelileta ni mwalimu mwenzangu tuliyesoma naye ualimu, tukalala chumba kimoja, tukala sahani moja.

Hakulitamka kwa ulimi. Alikuwa mtu wa adabu. Alinipa mkono, akakataa kiti, akanitolea karatasi mfukoni mwa koti.

“Mwalimu Mkuu,” akasema, naye kwa miaka arobaini hakuwahi kuniita kwa cheo, “majina yetu mmeyaandika. Fedha zetu mmeziandika wapi?”

Msomaji hana budi kujua fedha zenyewe. Wazee tuliosoma pamoja tulikuwa tumeanzisha mchango wa kuezeka upya maktaba ya chuo chetu cha zamani, ambayo mvua ilikuwa ikinyeshea vitabu. Mimi nilikuwa mwenyekiti, na kwa kuwa mtunza hazina wetu aliugua, hesabu nazo ziliangukia mikononi mwangu. Rafiki yangu huyu aliuza mtamba wake akatoa shilingi 250,000. Kwa mstaafu wa kijijini hiyo si fedha ya mchezo. Ili wanachama waliotawanyika mikoani waone kila senti, mpwa wangu, kijana aliyeajiriwa ofisini mjini, alijitolea kututengenezea ukurasa wa wavuti. Kushoto kisanduku cha majina, kulia kisanduku cha fedha, kila jina likitazamana na kiasi chake. Aliniita ofisini kwake nikauona kwenye kompyuta yake. Ulipendeza. Akanichapia nakala, nikaitia kwenye faili, nikamwambia autangaze.

Karatasi aliyonionyesha mwenzangu ilikuwa na majina tu. Jina lake la nne kutoka juu, na mkabala wake peupe. Kila jina mkabala wake peupe. Alikuwa amekwenda kwenye duka la intaneti mjini kwao, akamlipa kijana wa pale amfungulie ukurasa na kumchapia, na kwa kuwa walitoza kwa karatasi, akachukua ya kwanza peke yake. Fedha zetu zote zilikuwa zimeporomoka chini ya jina la mwisho, zikaangukia karatasi ya pili, ambayo hakuilipia.

Nikaingia ndani nikaleta nakala yangu. Tukaziweka mbili hizo mezani. Chini ya kila moja mashine ilikuwa imechapa anwani ya ukurasa, na anwani ilikuwa ile ile, herufi kwa herufi. Rafiki yangu akazitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba basi moja kati ya hizi ni ya uongo, na hii yake ameiona ikitoka kwenye mashine kwa macho yake. Sikuwa na la kujibu. Ningekuwa mimi, ningesema hivyo hivyo. Akaondoka bila kuaga vizuri.

Siku ile ile nilipanda basi kwenda kwa mpwa wangu, na nakiri kwamba njiani nilikuwa nimekwisha mhukumu. Vijana na fedha, nilijisemea. Alipoziona karatasi mbili hakushtuka hata kidogo. Aliuliza swali moja: “Mjomba, kule dukani walitumia kivinjari gani?”

Sikujua kwamba viko vingi. Nilidhani ukurasa wa wavuti ni kama picha iliyopigwa: ikitumwa Mwanza au Mtwara, ni picha ile ile. Kumbe kinachosafiri si picha. Ni maneno pamoja na maagizo: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hapa kaa kisanduku chenye upana kadhaa. Mchoraji ni kivinjari, yaani ile programu iliyomo ndani ya kompyuta ya msomaji. Na mwanzilishi alitaka iwe hivyo. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha CERN kule Uswisi, alipotoa pendekezo lake mwaka 1989, alikuwa amezungukwa na wanasayansi wenye kompyuta za kila aina. Angetuma picha iliyokamilika, baadhi yao wasingeweza kuifungua. Akachagua maagizo mepesi, kila mashine iyatimize kwa uwezo wake.

Basi wakaja watimizaji wengi. Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Illinois kilitoa Mosaic, mwaka uliofuata ikatoka Netscape, na mwaka 1995 Microsoft ikaleta Internet Explorer. Netscape na Microsoft zikashindana kwa kubuni maagizo yasiyokuwamo katika kanuni. Mmoja akafanya maneno yawe yanawaka na kuzimika, mwingine akayafanya yatembee kioo kizima kama mlevi anayetafuta kwao. Berners-Lee alikuwa ameanzisha mwaka 1994 jumuiya ya kusimamia kanuni, iitwayo W3C, lakini haina askari. Maandiko yake rasmi huitwa mapendekezo. Mimi niliyepokea nyaraka za wizara kwa zaidi ya miaka thelathini, tena zilizoitwa amri, najua kila shule ilivyozitekeleza kwa namna yake. Sembuse pendekezo.

Kosa letu lilikuwa dogo kwa namna ya kuudhi. Mpwa wangu aliupa ukurasa upana wa nukta 800 za kioo, akaugawa nusu kwa nusu: majina 400, fedha 400. Ndani ya kila kisanduku akaacha nafasi ya nukta 10 kila upande ili maandishi yasigusane na ukuta, na kukizunguka akachora mstari wa nukta moja. Sasa swali: kisanduku cha 400 kina upana gani? Kanuni za mitindo za W3C, zilizokamilishwa Desemba 1996, zinasema 400 ni nafasi ya maandishi peke yake, pembezo na mistari huongezwa juu yake. Hivyo kila kisanduku ni 422, viwili ni 844, na uwanja ni 800. Cha pili hakina pa kukaa, kinashuka chini. Ndivyo ilivyochora Firefox ya kule dukani, na ilikuwa na haki. Lakini Internet Explorer, ambayo toleo lake la tatu lilikuwa limetoka Agosti mwaka huo, kabla kanuni hazijakamilika, kwenye Windows ilizoea kuhesabu 400 kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, kila kitu kimo ndani. Viwili vikawa 800 kamili, vikakaa bega kwa bega.

Microsoft walijirekebisha katika toleo la 6 la mwaka 2001, ila kwa sharti: ukurasa uwe na mstari mmoja wa juu kabisa unaotangaza umeandikwa kwa kanuni zipi. Usipokuwa nao, kivinjari hudhani ni ukurasa wa zamani, kikausoma kizamani kwa kuuhurumia. Mpwa wangu aliusahau mstari huo. Ofisini kwake palikuwa na Internet Explorer tu, ikamhurumia, naye hakujua kwamba amehurumiwa.

Aliponieleza habari ya vipimo nilicheka, ingawa sikuwa na furaha. Nilipojenga nyumba yangu nilimwambia fundi chumba cha kulala kiwe futi kumi kwa kumi. Alipomaliza, kitanda na kabati havikuingia pamoja. Nikapima: futi tisa kwa tisa. Alikuwa amepima nje ya ukuta hadi nje ya ukuta, na kuta zilikuwa na unene wa inchi sita kila moja. Nilimfokea mbele ya vibarua wake. Yeye akajibu kwa upole, “Mwalimu, mimi napima ninachojenga.” Baadaye nilipotaka kuongeza banda kwenye kiwanja chembamba kilichobaki, nilijikuta mimi mwenyewe napima nje kwa nje, maana nilichotaka kujua ni kama litaenea.

Na hapo ndipo ulimwengu wa wavuti nao ulipofika. Kanuni za baadaye zilimpa mwandishi agizo la kuchagua apimwe vipi, na mafundi wengi wa kurasa siku hizi huchagua kile kipimo cha nje, kile kile kilichoitwa kosa la Microsoft. Fundi wangu hakupata kuombwa radhi.

Mambo yamebadilika tangu hapo. Mwaka 2004 watu wa Apple, Mozilla na Opera walianza kuandika kanuni mpya zinazoeleza hata jinsi kivinjari kinavyopaswa kuusoma ukurasa wenye makosa, maana zamani kila kimoja kilikisia kivyake. Internet Explorer yenyewe ilistaafishwa Juni 2022. Hata hivyo tofauti hazijaisha: kuna simu na kuna kompyuta, herufi za mashine moja ni pana kuliko za nyingine, na Opera Mini, iliyopendwa sana huku kwetu kwa kubana data, huupitisha ukurasa kwenye kompyuta zake kwanza ikaupunguza ndipo ikuletee.

Haya yote ningeweza kumweleza rafiki yangu, na nilijaribu. Nilisafiri hadi kwake na karatasi zote tatu, ile ya pili ambayo hakuilipia ikiwemo. Alisikiliza. Nilipofika kwenye nukta 844 aliinua mkono.

“Wewe uliuona ukurasa ule mahali pangapi?” akauliza.

“Pamoja.”

“Mahali pamoja tu?”

“Pamoja tu. Kwa kijana.”

Akanyamaza. Sote wawili tulikuwa tumewakagua walimu wa mazoezi. Sote tulijua maana ya mkaguzi kusikiliza somo akiwa amesimama mbele, karibu na ubao, asiende hata mara moja kukaa dawati la nyuma ambako mtoto hasikii. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafokea wakufunzi wangu kwa jambo hilo.

Aliniandalia chakula, tukala. Lakini alisema wazi kwamba hataki kuusikia tena ukurasa ule, na kwamba kama nataka aendelee kuchanga, apate hesabu kwa maandishi. Mpwa wangu aliongeza mstari uliosahauliwa, akapunguza visanduku, akaujaribu kwenye vivinjari vinne, na wanachama wengine wakaridhika. Yeye nilimwandikia kwa mkono kila mwisho wa mwezi, kwa karatasi ya kaboni, hadi bati la mwisho lilipopigiliwa. Nakala za chini ninazo bado. Zimepauka, lakini nimezilinganisha na barua zake za kukiri kupokea, na shilingi 250,000 iko mstari wa nne.