Kenya One Hana Hailaiti

Huku Makongeni, asiyejua mpira ndiye huwekwa golini. Pengine ndiyo maana sote tunamjua Joe Kadenge, mshambulizi ambaye uwanja wa Jogoo Road umepewa jina lake, lakini ukitaja Mahmoud Abbas vijana wanakuangalia tu.

Abbas ni kipa wa kutoka Mombasa aliyedakia AFC Leopards na Harambee Stars. Mashabiki walimwita Kenya One. Enzi zake Kenya ilibeba Kombe la CECAFA mara tatu mfululizo. 1981 tuliwapiga Tanzania 1-0 kwao. 1982 fainali ilikuwa Kampala, dhidi ya Uganda, uwanja mzima wao. Ikaisha 1-1, tukaenda penalti, na bado tukashinda. 1983 Zimbabwe wakalala 1-0 hapa Nairobi. Hebu piga hesabu: fainali tatu, na ukitoa zile penalti, tulifungwa bao moja tu!

Shida ni kwamba bao huandikwa na jina la mfungaji. Mpira uliookolewa enzi hizo haukuandikwa popote. Umebaki kichwani mwa aliyeuona, na hao walioona wanazeeka.

Kwa hivyo kabla hujapost tena kipa wa Ulaya, shuka chini, keti na mzee wa ploti yenu, muulize Kenya One alikuwa anadaka vipi. Washa simu umrekodi. Hailaiti za Abbas ziko mdomoni mwa huyo mzee, na siku akienda, anaenda nazo.