Kishindo cha Lori la Mjomba

Mjomba wangu alikaa karibu na Kibwezi, upande wa Makueni, na mali yake ilikuwa ng'ombe wachache, miembe, na lori moja la tani saba ambalo umri wake ulizidi wangu. Msimu wa maembe ulipowadia, lori hilo lilivuka mto Athi, likapitia Ikutha na Mutomo mpaka mjini Kitui, kisha likarudi na magunia ya ndengu. Mwaka 2014, ambao ndio mwaka wa habari hii, njia ile ilikuwa bado ya vumbi na mawe. Lami ilikuja baadaye.

Desemba ya mwaka huo lori lilianza kupiga kishindo. Dereva alipokanyaga mafuta, ilisikika ngo! chini ya sakafu, mfano wa nyundo juu ya fuawe, alipoyaachia, ngo! nyingine. Lilipoondoka mahali liliposimama, lilishtuka kama punda aliyechapwa fimbo. Mjomba akaniita. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu mwaka uliotangulia, nafundisha fizikia, wala sikuwa na uhaba wa maneno. Niliketi kando ya dereva kwa mwendo wa kilometa tatu hivi, nikasikiliza, nikashuka, nikasema bila kusita:

"Mjomba, hilo ni difu. Meno yake yamelika."

"Una hakika, mwanangu?"

"Ninayo."

Maksai wawili waliuzwa kwa neno hilo. Naomba msomaji azingatie kwamba maksai hao ndio waliovuta plau. Mjomba alinunua difu kuukuu lililokuwa na meno mazima, fundi akalitia, lori likatoka barabarani. Halikufika mita mia. Ngo!

Mjomba hakunilaumu. Afadhali angalinilaumu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba maembe hayajui kungoja, na kesho yake yakapakiwa hivyo hivyo. Mimi nilipanda pamoja nayo, kwa kuwa sikuwa na uso wa kubaki nyumbani.

Mutomo tulimkuta fundi mzee aliyefanya kazi chini ya mgunga. Alilisikia lori likiingia, akaweka spana chini. Nilianza kumweleza kwamba sauti yatoka nyuma. Akanikatiza kwa upole.

"Mwalimu, sikukuuliza inatoka wapi. Inalia wakati gani?"

Swali hilo sikuwa nimejiuliza. Nguvu ya injini hupita katika klachi, giaboksi, propela, difu na ekseli kabla ya kufika gurudumuni, na kila maungio ya njia hiyo yana ulegevu kidogo. Hata meno ya difu jipya lazima yaachiane nafasi ya karibu robo ya milimita, la sivyo yangesagana na kuungua. Dereva akikanyaga mafuta, injini husukuma magurudumu. Akiyaachia, magurudumu huisukuma injini, na ulegevu wote huhama kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Ulegevu ukizidi, chuma hukutana na chuma kwa kishindo. Nacho kishindo husafiri katika propela na fremu yote ya gari, hata sikio la mtu aliyeketi mbele haliwezi kutambua kimezaliwa wapi.

Fundi alizima injini, akaagiza mawe makubwa yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu. Hilo halikuwa jambo la mapambo. Breki ya mkono ya malori mengi ya kale hushika propela nyuma ya giaboksi, wala haishiki magurudumu. Ukiilegeza ili uizungushe propela, mawe ndiyo yanayokulinda. Kisha akatoa gia, akalegeza breki, akaniambia, "Lala hapa, Mwalimu."

Nikalala chini ya lori na shati langu jeupe. Alinishikisha krosi ya nyuma, vidole vyangu vikiwa pande zake mbili, huku yeye akiitikisa propela. Pande zote mbili zilikwenda pamoja. Tukahamia krosi ya kati. Hapo upande mmoja ulikwenda na wa pili ukabaki, ndipo ukafuata. Niliusikia ulegevu huo kwa ncha za vidole kama mtu asikiavyo jino linalotikisika.

Krosi ile ilizungukwa na unga mwekundu. Akaniuliza ni nini. Nikajibu, "Vumbi." Akachota vumbi la fremu kwa kidole, akaliweka kiganjani mwangu, na kando yake akaweka unga ule wa krosi. La kwanza lilikuwa udongo wetu wa Ukambani. Wa pili ulikuwa laini zaidi na mweusi kidogo: kutu. Chuchu ya grisi ilikuwa imezibwa na tope tangu mvua za Novemba, kwa hiyo grisi aliyoipiga utingo ilimwagika nje, na beringi za sindano zikakauka na kujila. Unga ule niliuona siku ya kutia difu, nikaupita.

Kabla ya kuishusha propela, fundi alitia alama kwa patasi kwenye vipande vyake viwili, ili virudi kama vilivyokuwa. Nikamwuliza sababu. "Ukikosea, gari litatetemeka," akasema, na kwake hayo yalitosha. Sababu niliijua mimi. Krosi iliyopinda nyuzi kumi haipeleki mwendo sawasawa: shafti ya mbele yake huharakisha na kupunguza kwa kiasi cha asilimia moja na nusu, mara mbili katika kila mzunguko, na krosi ya pili hulifuta kosa hilo ikiwa tu imepangwa sambamba na ya kwanza. Hooke wa Uingereza aliandika juu ya jambo hilo katika karne ya 17, na chombo chenyewe huitwa kwa jina la Cardano wa Italia, aliyefariki mwaka 1576. Yote hayo niliyajua, na maksai walikuwa wamekwisha kuuzwa.

Krosi mpya haikufikia bei ya mbuzi mmoja. Tulifika Kitui usiku, kimya.

Niliporudi Kibwezi nilimweleza mjomba mwenyewe, sikumtuma dereva. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi difu letu la kwanza lilikuwa zima?"

"Lilikuwa zima, mjomba."

Liko hata leo chini ya mwembe wa uani. Kuku hulala juu yake, na mgeni akizidi viti, mimi ndiye ninayeketi hapo.