Deni la Shaba

Msomaji, nilipokuwa mtoto huko Nyeri nalimwona baba akirejea jioni kutoka shambani, mikono na shati lake vimegeuka rangi ya samawati. Alikuwa akiinyunyizia mibuni dawa ya shaba, ili kuikinga na kutu ya majani. Rangi ile ilikuwa furaha yetu: iliokoa kahawa, na kahawa ilinilipia karo hadi chuo cha ualimu.

Asili ya dawa hiyo ni mizabibu ya Ufaransa, iliyoshambuliwa katika karne ya 19 na maradhi ya ukungu yaliyotoka Marekani. Mwaka 1882, huko Médoc, mwanachuoni Pierre Millardet aliona ajabu. Mizabibu ya kando ya barabara, iliyopakwa mrututu na chokaa ili wapita njia wasiibe zabibu, ilikuwa na majani yake, hali mingine imepukutika. Mwaka 1885 aliitangaza dawa hiyo. Hila ya kuwafukuza wezi ikawa kinga ya mashamba.

Lakini yafaa tuulize: mvua ikiyaosha majani, shaba huenda wapi? Haiozi kama jani, wala haipotei kama moshi. Hushuka ardhini, ikashikamana na mboji na udongo wa mfinyanzi, ikakaa tabaka la juu, penye mizizi michanga na nyungunyungu. Maji huiteremsha kwa shida. Bali udongo ukizidi tindikali, mshiko hulegea, na mizizi huweza kuinywa kupita kiasi. Penye mteremko, mvua ichukuayo udongo huichukua na shaba, ikaipeleka bondeni. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2019, umeweka mpaka: kilo 28 kwa hekta katika miaka 7.

Baba alipozeeka aling'oa sehemu ya mibuni, akapanda maharagwe. Yakaota manjano na dhaifu. Akaniuliza, "Mwalimu, shamba hili lina nini?" Nikapeleka udongo kupimwa. Jibu likaja: tindikali kali, na shaba nyingi. Sikuweza kuapa kwamba kosa ni la shaba peke yake. Hata hivyo nilisita siku kadhaa. Ni mtoto gani amwambiaye baba yake kwamba dawa iliyomsomesha ndiyo iliyolilemea shamba?

Mwishowe nilimwambia. Alinyamaza kitambo, kisha akacheka kidogo. "Kumbe karo yako haijamalizika kulipwa!"

Tangu siku hiyo twailipa pamoja. Twatia chokaa kupunguza tindikali, twaongeza samadi, na twapanda nyasi kukingama mteremko ili udongo usitoroke. Shaba haitatoka, ila twaweza kuituliza.

Wahenga walisema akiba haiozi. Shaba nayo haiozi. Lakini, msomaji, si kila kisichooza ni akiba. Kabla hujamimina kitu ardhini, uliza kitakaa wapi, na nani atakikuta.