Gasketi Inasingiziwa

Gereji yetu ilikuwa Ipogolo, Iringa, kando ya barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma. Malori yalitufikia yakiwa yameshaupanda Kitonga na mzigo, na mlima ule huianika injini yenye ugonjwa wa siri. Dereva alishuka na maneno yale yale: "Fundi, linakunywa maji, lakini chini pakavu."

Vijana walikimbilia kufungua hedi. Mzee aliyenifundisha kazi aliwazuia: "Wanangu, mmeiuliza kompresa?" Gasketi ya hedi ikiungua, gesi ya mwako hupenya kwenye maji, na mapovu huonekana kwenye rejeta hata injini ikiwa bado baridi. Ila kompresa ya breki za upepo nayo hupozwa na maji hayo hayo, na ikipasuka hutoa mapovu vile vile. Kwa hiyo tuliitenga kwanza, mipira yake ya maji tukaiunganisha yenyewe kwa yenyewe, ndipo tukatazama tena. Gasketi husingiziwa mno.

Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, yaani imechanganyika na maji, mimi nilianza na oili kula, kipoza oili. Kikitoboka, injini inaponguruma presha ya oili huzidi ya maji, basi oili huhamia kwenye rejeta. Ukizima, presha ya oili huisha, na maji ya moto yaliyobanwa huvuka kuja upande wa pili.

Shaka ikibaki, tulishusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, tukafunga pampu ya kupimia mdomoni mwa rejeta, tukajaza presha isiyozidi ile iliyoandikwa kwenye mfuniko, tukatandika maboksi makavu chini, tukaenda kulala. Wenye malori waliuchukia usiku huo kuliko bili yenyewe. Asubuhi niliingia chini na tochi. Tone lililoning'inia nje ya laini, ile ala ya silinda inayozungukwa na maji, pale chini, lilikuwa la oringi, mpira unaoyaziba maji hayo. Likichuruzika ndani ya silinda, ama laini imetoboka, ama hedi ina ufa, ama gasketi kweli imeungua. Hapo sasa spana ilikuwa na ruhusa ya kupanda juu.

Laini hutoboka kuanzia nje. Pistoni huupiga ukuta, laini hutetema, vipovu vidogo hupasuka juu yake na kuichimba hadi kishimo kitokeze ndani. Dawa ya rejeta huzuia hilo. Maji matupu ya mtoni hayazuii. Madereva hawakuniamini mpaka nilipowapa laini mkononi waipapase kwa kidole.

Kwa hiyo, dereva, lori likipoteza maji na chini pakavu, usipige starta asubuhi. Legeza boliti ya sampu kwanza: maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia kutoka. Kisha zungusha krenki kwa mkono, mizunguko miwili kamili. Ikigoma, usiilazimishe, maji hayashindiliki. Ng'oa nozeli yatoke, kabla konrodi haijapinda.